Kipande cha Kioo Mogitu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Nimejenga Mbulu karibu yote na robo nzuri ya Hanang. Nimeona nyoka akitoka ndani ya tanuru la matofali akiwa hai, nimeona bwana harusi akiikimbia nyumba niliyomkabidhi asubuhi ile ile, nimeona hakimu mzima akitokwa machozi kwa sababu ya bei ya bati. Nilimaliza darasa la saba, basi, na leo nina kampuni yenye jina langu, na wenye digrii wananisubiri nimalize chai ndipo waniulize la kufanya. Sisemi haya kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mwezi uliopita, makaburini Mbulu, nilisimama nimeshangaa kama mtoto. Zuhura alikuwa amenipigia alfajiri kuniambia mama yake, mtu niliyefanya naye kazi miaka mingi, amefariki, na kama ilivyo kwa wenzetu Waislamu alizikwa siku ile ile, kabla wengi hawajapata habari. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa haujaondoka vizuri. Wanaume walikuwa wanapokezana jeneza, nami nimejipanga kando na Wakristo wenzangu, nikaona mzee mrefu anapanda kilima peke yake, shuka jeusi begani na fimbo mkononi, anatembea kama mtu anayefuata ng'ombe wala hana haraka. Alikuwa mzee Gidamis wa Mogitu, kule Hanang. Nilimpigia alfajiri ile kumpa habari tu, sikutegemea aje. Kutoka kule mpaka Mbulu si safari ya kukurupuka, na yule si mtu wa misiba ya mjini. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia, akaniuliza swali moja tu kama marehemu alikula kabla ya kufa. Nikamwambia binti yake amesema alikunywa uji. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akaenda kuchukua koleo.

Nyinyi hamwezi kulielewa swali lile mpaka niwarudishe kwenye mwaka niliotafuta usajili wa ukandarasi. Wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na kitu, mikono kama mbao, mdomo kama redio. Nilikuwa fundi mkuu wa kila mtu. Makandarasi walikuja kutoka Arusha na Babati na magari meupe, wakashinda zabuni, wakanitafuta mimi, mimi nikajenga, na siku ya kuanza kazi wanasimika kibao pale barabarani: jina la mradi, jina la mshauri, jina la mkandarasi. Jina langu halikuwamo hata kwa herufi ndogo. Kuna bweni pale Dongobesh nimelipandisha kuanzia jiwe la kwanza mpaka kofia ya paa, na mwenye jina kwenye kibao alifika mara mbili, mara moja kupiga picha na mara moja kula. Nilikitamani kibao kile kuliko fedha. Nilikuwa nalala namwona mtoto wa shule anakisoma jina langu kwa sauti. Lakini bodi inayosajili makandarasi haikusajili kwa sababu unajua kujenga. Inataka kampuni, ofisi, vifaa, na zaidi ya yote inataka mtaalamu mwenye cheti cha ufundi wa majengo, awe ndani ya kampuni, aweke sahihi yake kwamba kazi zako anazisimamia. Vingine vyote nilikuwa navyo au nilijua pa kuvipata. Mtaalamu sikuwa naye.

Pale Mbulu mjini alikuwepo mmoja. Mama Zuhura alikuwa mwenyeji wa Tanga, alikuja huku kijana kufanya kazi ya serikali upande wa ujenzi, akaolewa na mwalimu, akafiwa na mwalimu, akastaafu, na watu walipomuuliza kwa nini harudi pwani alisema ameshazoea baridi. Alikaa nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko. Sebule yake naikumbuka kuliko yangu: meza ndefu ya kuchorea iliyochukua nusu ya chumba, kiti cha marehemu mwalimu ambacho hakuna aliyekikalia, jiko la mkaa mlangoni kwa ajili ya joto, na harufu ya tangawizi iliyokuwa imeingia mpaka kwenye karatasi za ramani. Nilikwenda na kilo mbili za nyama na maneno niliyoyapanga njia nzima. Nikamwambia, mama, wewe una cheti kimelala kwenye kabati, mimi nina mikono, cheti chako kifanye kazi, wewe ukae hapa kwenye joto lako, nitakulipa kila mwezi. Watu wengi walikuwa wanafanya hivyo, na wapo mpaka leo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anasukuma chapati. Kisha akasema hakodishi cheti, kwa sababu nyumba ikiangukia watu, cheti hakitakwenda mahakamani, atakwenda yeye. Nikadhani ndiyo kwaheri. Akapangusa unga mikononi.

"Lakini nitaingia kwenye kampuni yako kweli kweli," akasema, "ukinionyesha kwanza kila ulichojenga kwa mkono wako."

"Vyote, mama?"

"Una aibu na kipi?"

Nilicheka. Nilimwambia, mama, utachoka wewe, majengo yangu hayaishi. Na nilikuwa na furaha isiyo na mfano, maana katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniomba nimwonyeshe kila kitu.

Kwa hiyo kiangazi chote kile, kila Jumamosi, nilimpakia kwenye pikapu yangu tukazunguka. Alikuwa na mfuko wa kitenge ndani yake timazi, pima maji, nyundo ndogo yenye kichwa cha duara, na chupa yake ya chai na chapati mbili kwenye kitambaa. Anashuka, anasalimia wenye nyumba taratibu, anaulizia ndugu, watoto, mifugo, kisha anaanza kugonga ukuta na kusikiliza kama daktari anayemgonga mtu mgongo. Mimi nyuma yake nasimulia. Na kila tulipofika nilipokelewa kama mtoto wa nyumbani, kwa hiyo chakula hakikukosekana: makande, maziwa mgando, kuku. Mama Zuhura hakugusa hata maji. Alikwenda kukaa kwenye pikapu akanywa chai yake. Mara ya kwanza nilipuuza. Mara ya pili niliona aibu mbele ya wenyeji. Nikafikiri ni mambo ya dini, mtu wa Tanga hawezi kula kuku aliyechinjwa na Mkristo kama mimi Paskali, kwa hiyo Jumamosi iliyofuata, tulipokuwa tunakwenda kwa mteja wangu kule Haydom, nilimtuma mtu mapema akamtafute Mwislamu amchinje yule kuku, na tulipofika nikatangaza hilo kwa sauti mbele ya kila mtu, nikitegemea sifa. Akanishukuru vizuri sana. Akaenda kwenye pikapu. Njiani kurudi nikamuuliza, kwa uchungu kidogo, sasa mama kuku yule alikuwa na kosa gani.

"Si dini, Paskali," akasema. "Mkaguzi akishakula, macho yake yanakuwa ya mgeni. Nikila kwa mtu, nitaona ufa niseme ni rangi. Nitakula siku kazi ikipita."

Nikaona ni ugumu wa wazee wa serikali. Leo vijana wangu hawali kwenye eneo la kazi ninayoikagua, na wakiuliza kwa nini nawaambia hayo ni mambo yangu.

Majengo yangu yalipita. Niseme ukweli, kulikuwa na ngazi moja ambayo haikuwa sawa na choo kimoja ambacho sitaki kukizungumza, lakini kuta zangu zilisimama wima mpaka yeye mwenyewe, mtu asiyesifu, alisema pale Dongobesh kwamba bweni lile angelala ndani yake. Jioni nilikuwa nakaa kwenye meza yake ananifundisha kusoma ramani. Nilikuwa nazijua kwa macho tu, kama mtu anayejua wimbo bila maneno. Alinishika kidole akakitembeza juu ya mstari, hapa ukuta, hapa nondo, hapa kina cha msingi, na nje nasikia wanawake wa jirani wakiulizana kwa Kiiraqw yule fundi mwenye kelele amekuwa mwanafunzi lini. Nilikuwa naona haya, lakini kile chumba kilikuwa na joto, na nilikuwa nakaribia kibao changu.

Ya mwisho ilikuwa Mogitu. Nilikuwa nimeiweka mwisho makusudi kwa sababu ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Miaka mitatu nyuma, mzee Gidamis, mfugaji, mtu ambaye baba na babu yake hawajawahi kulala chini ya bati, alinifuata mpaka Mbulu akataka nyumba ya matofali ya kuchoma. Sokoni walimcheka, nami nikajiapiza nitamjengea nyumba itakayowafunga midomo. Vyumba vinne, veranda, rangi ya samli. Nilipomaliza alichinja mbuzi, nikala, nikaondoka na fimbo aliyonipa zawadi. Nilikuwa naitaja nyumba ile kwenye kila kilabu kuanzia Mbulu mpaka Katesh. Tulipofika siku ile na Mama Zuhura, nilishuka nikiwa nimeshaanza kusimulia, nikaona mlango wa mbele umefungwa kwa kamba, na kutoka dirishani kichwa cha ndama kinanitazama.

Ufa ulikuwa umeanzia kona ya dirisha ukashuka kama ngazi, tofali kwa tofali, mpaka chini. Wa pili ulikuwa nyuma, mkono unaingia. Mke wa mzee alikuwa ameuziba kwa samadi, vizuri kabisa, ukafunguka tena pembeni ya samadi. Wao wenyewe walikuwa wamerudi kulala kwenye nyumba yao ya zamani ya miti na udongo. Mama Zuhura hakunitazama. Aliokota donge la udongo uwanjani, jeusi, gumu kama jiwe, akaniuliza msingi nilichimba futi ngapi. Nikamjibu mbili, kama kawaida. Kama kawaida ya wapi, akauliza. Hapo ndipo nilipoelewa, na bado sikukubali. Sisi watu wa Mbulu tumezaliwa juu ya udongo mwekundu. Ukichimba futi mbili umefika mahali panapoweza kubeba kanisa. Huko bondeni Hanang ni udongo wa mbuga, mvua ikinyesha unavimba kama andazi, jua likiwaka unapasuka mpaka mbuzi anavunjika mguu. Kila mfugaji wa kule anajua. Mimi nilikuwa nimeubeba msingi wa Mbulu nikaushusha Hanang, bila kuuliza, kwa sababu mtu wa milimani akishuka bondeni huwa anakwenda kufundisha, haendi kuuliza.

Nikasema ufa huo ni wa zamani, nyumba imeshakaa imetulia, tutaziba kwa saruji. Mama Zuhura hakubishana. Aliomba kipande cha kioo cha dirisha, chembamba, urefu wa kiganja, akakigandisha kwa saruji kukatiza ufa, upande huu na upande huu. Akamwambia mzee Gidamis kwamba kama nyumba imekaa, kioo kitabaki kizima, kama bado inatembea, mvua zikianza kitavunjika.

"Kikivunjika umpigie huyu," akasema akinionyesha kwa kidevu. "Usinipigie mimi."

Njiani alijimiminia chai yake, akaangalia ng'ombe wa watu. Nilitaka aseme kitu ili nimkasirikie.

Nikajitafutia pa kukasirikia. Nilisikia kwamba Babati kuna kijana ana stashahada na anaikodisha bila maneno mengi, na kwamba ana makandarasi wengine watatu anaowafanyia hivyo hivyo. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Nilivaa shati jeupe nikaenda. Tulikutana kwenye mgahawa karibu na stendi, akaagiza chipsi mayai sahani mbili bila kuniuliza, akafungua mkoba, fomu zimeshajazwa, imebaki jina la kampuni na sahihi. Alikuwa kijana mzuri, mcheshi, aliniita mzee wangu. Nikaanza kumweleza kazi zangu, nikamwambia lile bweni la Dongobesh, twende hata kesho ukalione. Akacheka, akasema mzee wangu mimi nakuamini, huko mbali kote nifuate nini, saini tumalize. Simu ikalia. Alikuwa mzee Gidamis, na nyuma yake nasikia mvua kwenye bati, bati langu. Akasema maneno machache, kama kawaida yake.

"Fundi. Kile kioo kimevunjika."

Kisha akakata. Nataka niseme kwamba niliinuka pale kwa sababu ya dhamiri, ingependeza, lakini sikuinuka. Nilikaa na kalamu mkononi. Nilihesabu watu wanaojua: mzee, mke wake, mimi, na ndama. Mama Zuhura alikuwa ameniachia makusudi. Nikisaini, kufika masika nina kibao. Nikamtazama yule kijana anavyokula. Mafuta yalikuwa yamedondokea kwenye fomu, pale pa kuandika orodha ya kazi zilizofanyika, na yeye akayafuta kwa kidole bila kusoma. Hicho ndicho kilichonichoma. Maisha yangu yote nimejenga kwa mikono hii, na mtu anataka kuweka jina lake juu ya kazi yangu bila hata kutaka kuiona. Nzuri, mbaya, kwake ni mamoja. Yule mama wa Tanga alikuwa amenidhalilisha, lakini alikuwa amegonga kila ukuta. Niliweka kalamu mezani. Nikamwambia kijana, asante kwa chipsi, nina nyumba ya kuangalia. Watu wanadhani kiburi ni dhambi tu. Mimi siku ile ndicho kilichoniokoa.

Nilifika Mogitu tope mpaka magotini. Mke wa mzee alikuwa ameokota vipande vya kioo akaviweka kwenye kopo la maziwa ya unga ili watoto wasijikate. Aliniletea lile kopo kama mtu anayemrudishia mgeni kitu alichosahau. Tukakaa na mzee kwenye nyumba yao ya udongo, moshi, mvua, ng'ombe wanahema upande wa pili wa ukuta. Nikamuuliza kwa nini miaka yote hiyo hakuniita.

"Ulikula mbuzi," akasema.

"Mbuzi na ufa vinahusiana vipi, mzee?"

"Mtu akishakula mbuzi wa nyumba, nyumba imekwisha. Ningekuita nikuambie nini? Nikudai mbuzi?" Akasukuma kuni. "Yule mama hakula. Nikajua huyo kazi yake bado."

Nililala pale pale. Asubuhi nikamwambia naibomoa. Aliniuliza kwa fedha za nani, nikamwambia zangu, akasema basi ndama watafute pa kulala.

Niliuza pikapu. Mafundi wangu walinicheka, wakasema Paskali amerogwa na bibi wa pwani, fundi gani anabomoa nyumba ambayo mwenyewe hajalalamika. Watatu waliniacha. Mvua zilipokatika tuliishusha tofali kwa tofali, mazima tukayapanga upande, na niwaambie, ukuta unaoubomoa mwenyewe una kila siku uliyoujenga, nilikuta hata kifuniko cha soda nilichokichomeka kwenye udongo wa kuunganishia siku ya kwanza. Tulichimba futi tano, tukautoa ule udongo mweusi wote, tukashindilia moramu, yaani ule udongo wa changarawe, tukapanga mawe, tukafunga mkanda wa zege wenye nondo chini na mwingine juu. Mama Zuhura alikuja kwa basi kila baada ya wiki mbili, na mfuko wake, na chupa yake. Hakunisifu. Alinirudisha kuchimba upya mtaro mzima wa msingi kwa sababu ya pembe moja. Jua likiwa kali anakaa kivulini kwenye ukuta wa boma, anakunywa chai ya moto, na mke wa mzee anakaa naye bila lugha ya pamoja, wanaonyeshana watoto kwa vidole na kucheka mambo wanayoyajua wao. Nyumba ilipokwisha nikamwambia sasa saini. Akasema bado haijanyeshewa. Akagandisha kipande kingine cha kioo ukutani, palipokuwa na ufa ule, na tukasubiri masika yote. Kazi ndogo ndogo nilizofanya miezi ile, za vyoo na mabanda ya kuku, nisingependa kuzitaja.

Masika ilipokwisha tukashuka tena, safari hii kwa basi wote wawili. Kioo kilikuwa kizima. Alikipitisha kidole, akakipuliza vumbi, akagonga kuta zote nne kwa ile nyundo yake, akazunguka nyuma, akarudi. Mke wa mzee alikuwa amepika, na wote tumesimama tunamtazama mikono. Akaweka mfuko chini.

"Paskali," akasema, "nina kiu."

Nilikimbia mpaka kwenye duka la barabarani kama mtoto aliyetumwa. Nilirudi na soda moja, baridi kiasi, akainywa yote amesimama, kisha akaingia ndani ya nyumba akakaa akala na wenyeji mpaka jioni. Wiki ile ile alisaini. Kwenye usaili wa bodi, mmoja wa wale wazee wenye miwani alimuuliza anamfahamuje mwombaji huyu wa darasa la saba, akajibu kwamba anaijua nyumba aliyoibomoa. Hawakuuliza zaidi. Walinisajili daraja la saba, la chini kabisa kwa majengo, na Mbulu nzima ikataniana kwamba Paskali anapenda saba. Kibao changu cha kwanza nilikisimika Katesh, na mtoto wa shule kweli alikisoma, akakosea, nikamsahihisha. Mama Zuhura alikuwa kwenye kampuni mpaka macho yalipomshinda. Hakuwahi kuniita mkandarasi. Fundi tu, mpaka mwisho.

Pale makaburini, watu walipoanza kutawanyika, mzee Gidamis aliniambia nyumba haijatikisika, hata mwaka ule tope liliposhuka kutoka mlima Hanang likaumiza watu Jorodom, yeye na mkewe waliwapokea watu wawili wakalala humo. Alisema hivyo tu, akaondoka na fimbo yake kuwahi basi. Halafu mafundi vijana wakanizunguka, kama kawaida, wanataka kujua usajili unagharimu kiasi gani. Huwa nawatajia ada ya bodi, wanaandika kwenye simu, wanaondoka. Siku ile niliwaambia ada wataiuliza ofisini, inabadilika kila siku. Gharama yangu mimi naijua, kwa sababu yule mama alinifanya niiandike yote kwa mkono wangu, saruji, nondo, moramu, nauli, mpaka kitu cha mwisho, na nilipotaka kukiacha kile cha mwisho kwa kuona ni kidogo akanirudishia karatasi. Ilikuwa shilingi milioni nne, laki tatu na elfu themanini, na mia tano ya soda.